Watu Sita, Chumba Kimoja

Yafuatayo ni maneno ya hotuba aliyoitoa mzee mmoja, seremala aliyestaafu, mbele ya vijana wafanyao kazi na wasomao mjini Nairobi. Tumeona yafaa yasomwe pia na walio mashambani, maana wengi wao wana watoto wao huko mjini.



Nimeombwa niseme nanyi juu ya jambo ambalo halitajwi sana katika mikutano, ijapokuwa wengi wenu mtarudi kwenye jambo hilo mara tu mtakapotoka hapa. Jambo lenyewe ni kukaa watu wengi katika chumba kimoja. Wakubwa hupenda kusema juu ya barabara, shule na kazi. Lakini mtu aliyelala vibaya hafanyi kazi vizuri, na aliyegombana na wenziwe usiku hana moyo wa kusoma asubuhi. Kwa hiyo jambo hili si dogo, wala si la kuchekwa.

Sitasema kama mwalimu. Nitasema kama mtu aliyekaa katika chumba cha namna hiyo kwa muda wa miaka minne, akatenda kosa humo, na hata leo hajalisahau.

CHANZO CHA MSONGAMANO

Yafaa kwanza tujue ya kuwa shida hii si ngeni, wala haikuletwa na uvivu wa vijana wa siku hizi. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kambi ya wajenzi wa reli. Katika miaka mingi ya ukoloni, Mwafrika aliyekuja mjini kutafuta kazi alihesabiwa kuwa mpita njia: atafanya kazi, atalipwa, kisha atarudi kwao. Basi vyumba vingi alivyojengewa vilikuwa vya mtu asiye na mke wala mtoto, na watu kadha wa kadha walitiwa katika chumba kimoja. Mwaka 1954 kamati ya serikali ya kikoloni iliyoongozwa na Bwana F. W. Carpenter ilichunguza mishahara ya Waafrika, ikaona kwamba ilikuwa imekadiriwa kwa mahitaji ya mtu mmoja peke yake, ikashauri mshahara ukadiriwe kwa mtu mwenye jamaa. Hapo ndipo mtakapoona asili ya mambo. Mshahara wa mtu mmoja haukuweza kulipa chumba kizima; mishahara ya watu sita iliweza.

Katika Pumwani mambo yalikuwa tofauti kidogo. Mtaa ule ulifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, watu wakagawiwa viwanja wajijengee wenyewe. Walijenga kwa mtindo wa nyumba za pwani: ujia katikati, vyumba upande huu na upande huu, na uani choo na mahali pa kupikia. Mwenye nyumba, ambaye mara nyingi alikuwa mwanamke aliyejitafutia mali kwa jasho lake, alikaa katika chumba kimoja na kupangisha vilivyosalia. Wapangaji nao waligawana chumba ili kila mmoja aweze kulipa sehemu yake.

Uhuru ulipopatikana tarehe 12 Desemba, 1963, kila mwananchi alikuwa huru kuja mjini, na watu walikuja. Hesabu ya watu ya mwaka 1969 ilionyesha Nairobi ina watu 509,286. Hesabu ya mwaka 2019 ilionyesha watu 4,397,073. Nyumba hazikuongezeka kwa mwendo huo. Basi kijana anayelala leo na wenziwe watano asijione kuwa amelaaniwa. Anapita njia iliyopitwa na babu zake.

CHUMBA CHETU

Mimi nilifika Nairobi mwaka 1978, nikapata nafasi katika chumba kimoja cha Majengo, Pumwani. Tulikuwa watu sita: mimi, mwashi mmoja, fundi cherehani wa Gikomba, mpishi wa hoteli, bawabu wa usiku, na kijana mmoja aliyekuwa akijifunza ufundi wa magari katika Barabara ya Kirinyaga. Kodi ilikuwa Shs. 120/- kwa mwezi, yaani Shs. 20/- kila mtu.

Vitanda vilikuwa vitatu. Kimoja kilikuwa cha fundi cherehani, kwa kuwa yeye ndiye aliyekipanga chumba kwanza. Cha pili tulilala wawili, mimi na mpishi. Cha tatu kilikuwa cha mwashi usiku na cha bawabu mchana; mwashi alipoamka alfajiri bawabu alikuwa akiingia, naye alilala palipokuwa bado na joto la mwenziwe. Yule kijana alilala mkekani karibu na mlango. Kila aliyetoka usiku kwenda uani alimruka.

Msidhani kwamba ugomvi wetu ulikuwa juu ya mambo makubwa. Katika miaka minne sikuona ugomvi mmoja ulioanza kwa jambo kubwa. Tuligombana kwa sababu ya chumvi. Tuligombana kwa sababu mtu alinawia maji ambayo mwingine aliyabeba. Mpishi alikuwa na redio, na bawabu alikuwa na usingizi. Mambo hayo mawili hayawezi kukaa katika chumba kimoja saa nane ya mchana. Mwashi alikuwa na ndugu wengi, na kila ndugu aliyekuja mjini alifikia kwetu, akala ugali wetu na kutuuliza mbona hatuna nyama. Wahenga walisema kwamba vikombe vikikaa pamoja havina budi kugongana. Ni kweli, lakini wahenga hawakusema kwamba ni lazima vivunjike.

Tena kulikuwa na mema. Mtu akiugua palikuwa na wa kumpelekea uji. Mtu akifukuzwa kazi hakulala njaa siku ile. Mwashi alinifundisha kusoma ramani ya jengo, jambo lililonipatia mkate baadaye. Mtu aliyekaa peke yake maisha yake yote hapati mafunzo hayo.

KOPO LA KODI

Sasa nitawaambia lile kosa.

Fedha za kodi tulizitia katika kopo la majani ya chai, lililokaa chini ya kitanda cha fundi cherehani. Kila mtu alitia Shs. 20/- zake kabla ya tarehe tano, na tarehe sita Bibi mwenye nyumba alikuja kuchukua. Hatukuwa na daftari wala kufuli. Tuliaminiana, au tulisema hivyo.

Mwezi mmoja, katika mwaka wangu wa pili, nilipata barua kutoka kwa mke wangu. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa amelazwa, na fedha zilihitajiwa upesi. Mimi sikuwa na kitu. Tarehe tatu usiku, wenzangu walipokuwa wamelala, nilifungua kopo nikatoa Shs. 60/-. Asubuhi nikazipeleka posta. Nilijiambia kwamba sikuiba. Nimekopa tu, nami nitamwomba nyapara wangu anikopeshe, nizirudishe kabla ya tarehe sita. Walakini nyapara alikuwa amesafiri kwenda kwenye matanga, na tarehe sita ikafika kabla yake.

Bibi alisimama mlangoni. Fundi cherehani akafungua kopo, akahesabu, akahesabu tena. Hakuna aliyesema neno. Kisha macho ya watu wote yakamwendea yule kijana wa mkekani.

Kwa nini yeye? Kwa sababu alikuwa mdogo kuliko sisi sote. Kwa sababu siku mbili kabla alikuwa na homa, akashinda chumbani. Na kwa sababu alikuwa amevaa viatu vipya. Alisema kwamba viatu alipewa na fundi wake. Mpishi akacheka. Kijana akasema, “Wakubwa zangu, sikugusa kopo.” Akamtazama kila mmoja wetu, nami pia akanitazama. Mimi nikatazama chini.

Tulimtoa jioni ile ile. Alikunja mkeka wake na blanketi yake. Alikuwa na sufuria moja ndogo aliyoinunua mwenyewe, nayo akaiacha mekoni. Nadhani aliogopa tutasema kwamba ameiba na sufuria. Tulichanga upya, tukalipa kodi. Mtoto wangu akapona.

Mshahara ulipotoka nilitia Shs. 60/- ndani ya kopo, usiku, kwa siri kama nilivyozitoa. Nilidhani kwamba kwa kufanya hivyo nimelipa. Lakini asubuhi fundi cherehani alipozikuta alisema, “Mnaona? Dhamiri imemsumbua yule mtoto, amekuja kuzirudisha.” Wote wakakubali. Basi hata kulipa kwangu kukawa ushahidi juu ya mtu asiye na hatia. Hapo ndipo nilipojua kwamba dawa ya deni ni kulipa, lakini dawa ya uongo si kulipa. Dawa ya uongo ni kusema.

Nilikaa majuma mawili mengine. Kisha Jumapili moja, wote wakiwa nyumbani, nikasema. Nilitazamia wanipige. Hawakunipiga. Bawabu alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akaniambia jambo ambalo lilinichoma kuliko kipigo: “Mimi nilikuwa na Shs. 40/- katika soksi yangu siku ile. Ungalisema kwamba mtoto anaumwa, ungalipewa.” Mwashi akasema kwamba naye angalitoa kumi. Chumba kile kile nilichokiibia kingalinisaidia, lau ningalifungua kinywa.

Mimi na fundi cherehani tulikwenda Barabara ya Kirinyaga kumtafuta kijana. Fundi wake alituambia kwamba amekwisha kuondoka, wala hakujua amekwenda wapi. Alituambia pia kwamba vile viatu alimpa yeye, kwa kuwa vya kwanza vilikuwa vimeoza kwa mafuta. Niliulizia kwa miaka mingi na sikumpata. Ile sufuria ninayo hata leo.

MAMBO YA KUANGALIA

Vijana wangu, sikuwaeleza habari hii ili mnihurumie wala mnihukumu. Nimeieleza kwa sababu naamini kwamba chumba cha watu wengi hakiharibiwi na umaskini. Huharibiwa na mambo yasiyosemwa. Kwa hiyo nitataja mambo machache ambayo yatupasa tuyaseme wazi, na tuyaseme mapema, siku ya kwanza kabla mtu hajafungua mzigo wake.

Kwanza, fedha. Andikeni katika daftari nani ametoa, kiasi gani, na tarehe gani. Siku hizi wengi hutumiana fedha kwa simu. Hilo ni jema, maana simu hutunza kumbukumbu ambayo kopo letu halikuweza kutunza. Lakini mmoja akipokea fedha za wote, awaonyeshe wote ujumbe wa malipo siku ile aliyomlipa mwenye nyumba. Kuonyesha hesabu si dalili ya kutoaminiana. Ni ulinzi wa yule anayeshika fedha, na zaidi ni ulinzi wa mdogo anayelala mlangoni.

Pili, usingizi. Katika chumba cha wafanya kazi, usiku wa mmoja ni mchana wa mwingine. Ulizaneni saa za kazi na saa za masomo. Anayelala mchana apewe giza lake na kimya chake kama vile anayelala usiku. Redio, na siku hizi simu, visikilizwe kwa vidude vya masikioni. Taa ya anayesoma isikilizane na jicho la anayelala.

Tatu, hewa na moto. Jambo hili ni la uhai na kifo. Msilale na jiko la makaa lililowaka ndani ya chumba kilichofungwa, hata kama baridi ya Julai ni kali namna gani. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu huivuta akidhani anasinzia, asiamke tena. Jiko na litolewe nje kabla ya kulala. Vile vile fungueni madirisha mchana. Kifua kikuu huenea kwa hewa, nacho hupenda chumba chenye watu wengi kisichopitisha upepo. Mwenzenu akikohoa zaidi ya majuma mawili msimnong’one wala msimfukuze. Mpelekeni hospitali akapimwe. Dawa za ugonjwa huo hutolewa bure katika hospitali za serikali, na kwa kawaida humezwa kwa muda wa miezi sita bila kuruka siku. Ninyi mnaokaa naye ndio mtakaomkumbusha, nanyi pia mwende mkapimwe.

Nne, wageni. Hapa nasema nanyi mlio mashambani. Tafadhali msimtume kijana mjini na begi lake mkisema, “Nenda kwa ndugu yako, hakosi nafasi.” Ndugu yake hana nyumba, ana sehemu ya sita ya chumba. Pigeni simu kwanza, naye apate kuwaomba wenziwe ruhusa. Nanyi wa mjini, kubalianeni mgeni atakaa siku ngapi na atachangia nini. Wazee wetu walisema kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mjini hakuna shamba, lakini ndoo ya maji ipo.

Tano, kazi za nyumba. Wanaume wengi hukaa chumbani wakingoja kufagia kufanywe na mtu asiyejulikana. Andikeni zamu, ibandikeni ukutani. Vijana wa kike wanaokaa pamoja, kwa nilivyoona, hulitengeneza jambo hili upesi kuliko sisi. Walakini nao hugombana juu ya kuazimana nguo na sabuni bila kuomba. Kitu kidogo kilichoombwa huleta urafiki. Kitu hicho hicho kikichukuliwa bila kuombwa huleta chuki.

Sita, nalo ni kubwa kuliko yote: wekeni kikao. Mara moja kila mwezi, siku isiyo ya kazi, kaeni chini wote pamoja. Si kikao cha mashtaka. Kila mtu aseme mambo mawili tu: ni nini kilichomwudhi mwezi huu, na ni shida gani anayo. Mwenye aibu apewe nafasi ya kwanza. Mkiweza, kila mtu atoe kidogo kiwe akiba ya dharura ya chumba, mwenye msiba au mgonjwa asaidiwe bila kupiga magoti. Mficha maradhi, kilio humfichua. Mimi nilificha langu, na kilio kilimwangukia mwingine.

Na kitu kikipotea, msimhukumu mtu siku ile ile. Hasira ya jioni haina macho. Laleni, ulizaneni asubuhi, kila mtu peke yake, na mkubwa wa chumba atangulie kuulizwa kabla ya mdogo. Kama tungalifanya hivyo, huenda ningalisema kweli mbele ya mtu mmoja, ijapokuwa niliogopa kuisema mbele ya watano.

MWISHO

Yapo mambo ambayo mpangaji hawezi kuyatengeneza. Kodi ikipita uwezo wa mshahara, na choo kimoja kikitumiwa na watu wengi mno, hayo ni ya wenye nyumba na ya wenye madaraka, nasi tuna haki ya kuyasema kwa sauti kubwa. Lakini wakati tukingojea nyumba bora, usiku unaingia kila siku, na ni lazima tulale mahali fulani, karibu na mtu fulani.

Nawasihi basi, mkirudi vyumbani mwenu usiku huu, mtazameni yule anayelala karibu na mlango. Mwulizeni jina la baba yake, na kazi yake ilikwendaje leo, na kama nyumbani kwao ni wazima. Mimi nilikaa na kijana yule karibu mwaka mzima, na tulipokwenda kumtafuta niligundua kwamba sijui kijiji chake. Ningalikijua, ningalimfuata hata huko.

Nimekwisha.